Kijapani kwa anayeanza: pita njia ya Kiswahili

Ukiwasha gari lililotoka Japani, mara nyingi utasikia sauti ya dada mpole ikisema: "Kaado ga soonyuu sarete imasen." Madereva wengi wa Dar es Salaam wameizoea. Mimi ni fundi umeme wa magari, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kumnyamazisha huyo dada: nachomoa waya, mteja anashukuru, nahamia gari jingine. Siku moja mteja, baba mmoja wa makamo, akaniuliza, "Fundi, kwani huwa anasema nini?" Nikakosa jibu. Nilikuwa nimemsikia mara zisizo na hesabu na sijui hata neno moja. Nikaanza kujifunza wiki ileile.

Anasema, "Kadi haijaingizwa." Kule Japani barabara za kasi hulipiwa kwa kadi inayochomekwa kwenye kifaa kinachoitwa ETC. Gari likiuzwa, kifaa kinakuja nalo na kadi inabaki kwa mwenyewe. Sentensi hii tutaifumua kwenye hatua ya nne, maana ndani yake kuna sehemu kubwa ya sarufi ya mwanzo.

Kabla ya hatua zenyewe, nina jambo moja. Vifaa vya kujifunzia Kijapani nilivyopata mimi vyote viliandikwa kwa Kiingereza, kwa watu wanaofikiri kwa Kiingereza. Mwaka wangu wa kwanza uliishia humo. Nasoma maelezo marefu kuhusu jambo linaloitwa gumu, nalitafsiri kichwani, halafu nagundua jambo lenyewe ninalo tangu utotoni, kwenye Kiswahili. Irabu tano, viambishi, kitenzi kinachobeba sentensi nzima, salamu zenye ngazi: vyote tunavyo. Kwa hiyo somo hili linatoka Kiswahili na kuingia Kijapani moja kwa moja. Pale ambapo Kiswahili kinatupoteza, nitapataja pia.

HATUA YA 1: SIKIO NA ULIMI

Usiguse kalamu kwa siku tatu za kwanza. Sikiliza na utamke.

Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na zinakaribiana sana na zetu. U yao haikusanyi midomo kama yetu, lakini utaeleweka. Silabi zao nyingi ni konsonanti na irabu: sa-ku-ra, ta-be-ru, ka-ta-na. Mtoto aliyemaliza ba-be-bi-bo-bu anazisoma. Hata ile n inayosimama peke yake kama silabi kamili, sisi tunayo kwenye nchi, nta na nne. Hon, yaani kitabu, ina mapigo mawili: ho-n. Shinbun, gazeti, ina manne: shi-n-bu-n.

Tunakokwama ni kwenye urefu wa sauti, na ni sehemu mbili.

Kwanza, irabu ndefu. Unajua tofauti ya kufa na kufaa, ya kukata na kukataa. Kijapani kimejaa jozi za namna hiyo. Obasan ni shangazi au mama wa makamo, obaasan ni bibi. Biru ni jengo la ghorofa, biiru ni bia. Yuki ni theluji, yuuki ni ujasiri. Sasa, Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo, na tabia hiyo tunaipeleka Kijapani bila kujua. Nilimwita mama mmoja wa Kijapani, wa miaka arobaini hivi, obasan, na mkazo wangu ukaivuta ile ba. Akasikia bibi. Alitabasamu kwa adabu, lakini niliuona uso wake ulivyobadilika kwanza, na iliniuma. Tangu siku hiyo nahesabu mapigo kwa kidole mezani: o-ba-sa-n, manne, o-ba-a-sa-n, matano. Fanya hivyo kwa kila neno jipya mwezi mzima. Na hilo la kumwita mtu shangazi kabla hujamjua nalo halifai. Tutalifikia kwenye maswali.

Pili, konsonanti inayoshikiliwa. Kite ni njoo, kitte ni stempu. Saka ni mteremko, sakka ni mwandishi wa vitabu. Unafunga sauti, unakaa pigo moja, ndipo unaiachia. Aliyesoma chuoni kwa maalimu ameshafundishwa mambo haya yote mawili: irabu ndefu ni madda, na hii ni shadda. Ukimsomea maalimu wako bila madda anakurudisha mwanzo wa aya. Mchukulie Mjapani kama maalimu huyo.

Kuna pia kupanda na kushuka kwa sauti. Hashi ikianza juu na kushuka ni vijiti vya kulia. Ikianza chini na kupanda ni daraja, kwa matamshi ya Tokyo. Hili usilihangaikie sasa, sikio litalizoea.

Katika somo hili irabu ndefu naiandika mara mbili, kama kwenye kufaa. Vitabu vingine huweka kistari juu ya herufi.

HATUA YA 2: HIRAGANA, HALAFU KATAKANA

Sentensi moja ya Kijapani huchanganya aina tatu za herufi. Hiragana, 46 za msingi, huandika maneno mengi ya asili na mikia ya sarufi. Katakana, nazo 46 na sauti zilezile, huandika maneno ya kigeni na majina yetu. Kanji ni herufi zenye maana, zilizotoka China.

Anza na hiragana, mstari mmoja kwa siku:

あ い う え お: a i u e o
か き く け こ: ka ki ku ke ko
さ し す せ そ: sa shi su se so
た ち つ て と: ta chi tsu te to
な に ぬ ね の: na ni nu ne no

Baada ya hapo inakuja mistari ya ha, ma, ya, ra, wa, na mwisho ile ん, n ya peke yake. Vijistari viwili juu kulia hugeuza sauti: か ka inakuwa が ga, さ sa inakuwa ざ za, た ta inakuwa だ da, は ha inakuwa ば ba. Kiduara hufanya ぱ pa.

Nunua daftari la hesabu, lile lenye vyumba. Herufi moja ichukue vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, ili uone imeelemea upande gani. Andika huku unatamka kwa sauti, na ufuate mpangilio wa mistari: kwa kawaida juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Usiuruke kwa kuwa herufi inaonekana sawa hata ukianzia chini. Faida yake utaiona sasa hivi.

Herufi zinazofanana zitakusumbua. ぬ nu ina kitanzi mwishoni, め me haina. る ru ina kitanzi, ろ ro haina. は ha na ほ ho zinatofautiana kwa mstari mmoja wa juu. Kwenye katakana kuna zile nne zilizonitoa jasho: シ shi, ツ tsu, ソ so, ン n. Kwenye シ na ン mstari mrefu unapanda kutoka chini. Kwenye ツ na ソ unashuka kutoka juu. Ukiziangalia tu utazichanganya miezi sita; ukiziandika kwa mpangilio sahihi, mkono unazitofautisha ndani ya siku mbili.

Katakana ianze kwa jina lako: アシャ Asha, ジュマ Juma, バラカ Baraka, ザワディ Zawadi. Kijapani hakina l, kwa hiyo Leila ni レイラ, Reira. Nchi: タンザニア, ケニア. Na スワヒリ ni Suwahiri. Ukiongeza -go mwishoni unapata lugha: Suwahirigo ni Kiswahili, Nihongo ni Kijapani. Ukiongeza -jin unapata mtu: Tanzaniajin ni Mtanzania. Sisi tunaweka Ki- na M- mbele, wao wanaweka nyuma. Shika hilo la mbele na nyuma, litarudi.

Wiki ya tatu achana na herufi za Kilatini. Somo lijalo nami sitaziandika.

HATUA YA 3: MANENO

Maneno kumi kwa siku yanatosha, na mengine ishirini ya zamani ya kurudia. Kwenye simu ya Android kuna Anki, haina malipo, inakuletea kadi ya neno kila unapokaribia kulisahau. Tengeneza kadi zako mwenyewe. Kadi ya mtu mwingine haikai kichwani.

Maneno mengine unayo tayari, kwa sababu Wajapani nao hawaachi konsonanti ikae bila irabu: basu ni basi, hoteru ni hoteli, rajio ni redio, shatsu ni shati, keeki ni keki. Ninalolipenda kuliko yote ni karuta. Ni karata. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, na mwaka 1543 wakafika kisiwa cha Tanegashima kusini mwa Japani, na huku na kule wakaacha neno lilelile kwa mchezo uleule. Na ukiingia mkahawa Japani ukaona キリマンジャロ kwenye orodha, ni kahawa yetu.

Mengine yatakutega. Nani kwa Kijapani ni nini, anayeulizwa "nani?" ni dare. Hai ni ndiyo. Mimi ni sikio. Soko ni hapo. Saba ni samaki wa aina fulani, na namba saba ni nana au shichi.

Saa ichukulie kwa uzito, kwa sababu hapa unaweza kukosa mkutano au ndege. San-ji haina maana ya saa tatu. Wao huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza na alfajiri, kwa hiyo san-ji ya mchana ni saa tisa. Saa tatu asubuhi ni ku-ji. Sogeza sita kila mara, mpaka iwe mazoea.

Kwenye pesa laki inatusaidia. Kijapani kina man, yaani elfu kumi, na hesabu kubwa zote zinajengwa juu yake. Laki moja ni juuman, man kumi. Laki mbili na nusu ni nijuugoman. Milioni ni hyakuman, man mia.

HATUA YA 4: SARUFI

Kitenzi hukaa mwisho. Watashi wa ugali o tabemasu: mimi, ugali, nakula. Vile vineno vidogo baada ya kila neno ndiyo kazi yake ndani ya sentensi. Wa inaonyesha tunazungumza kuhusu nani, o inaonyesha kinacholiwa, kinachonunuliwa, kinachofanywa.

No ndiyo -a unganifu yetu, ila imegeuzwa. Kitabu cha mwalimu ni sensei no hon. Sema kutoka nyuma: ufunguo wa gari la mwalimu unakuwa sensei no kuruma no kagi, mwalimu-gari-ufunguo. Na cha, wa, la, ya, vya, vyote ni no. Haibadiliki kamwe.

Ni itakufurahisha. Gakkoo ni shule, na gakkoo ni ikimasu ni naenda shuleni. Ni ileile, mahali palepale, ingawa lugha hizi hazina undugu. Ila usiitumie kila mahali, maana -ni yetu inafanya kazi mbili ambazo Kijapani kimezitenganisha. Ukienda mahali au ukiwepo, ni ni. Ukitenda jambo mahali, ni de. Uchi ni imasu: nipo nyumbani. Uchi de tabemasu: nakula nyumbani. Mimi kosa hili nililifanya mwaka mzima, kwa sababu kwa Kiswahili yote ni nyumbani.

Halafu kuna iru na aru, zote zikiwa na maana ya kuwepo. Watu na wanyama ni iru. Kitabu, gari, pesa ni aru. Maelezo ya Kiingereza huchukua kurasa hapo. Kwetu ni yupo na kipo. Mbwa yupo, inu ga imasu. Kitabu kipo, hon ga arimasu. Nasi tunasema kifaru yupo, hata kama jina limeanza na ki-, kwa sababu anapumua.

Kuhusu wa na ga, shika mfano mmoja unaopendwa sana na walimu wa Kijapani: zoo wa hana ga nagai. Tembo, pua ni ndefu. Mswahili husema hivyohivyo, "tembo, mkonga wake mrefu": unamtaja kwanza unayemzungumzia, kisha unasema kitu gani kwake kikoje. Watashi wa atama ga itai, mimi kichwa kinauma. Zipo sheria nyingine za wa na ga, lakini hii itakubeba miezi mingi.

Sasa kitenzi. Kijapani hakina ni-, u-, a- za nafsi. Tabemasu ni nakula, unakula, atakula. Mazungumzo yenyewe ndiyo yanasema nani, na wakati ujao hauna umbo lake. Yote yanayobadilika yako mkiani:

tabemasu: nakula, nitakula
tabemasen: sili, sitakula
tabemashita: nilikula
tabemasen deshita: sikula

Na sasa tumfumue yule dada wa kwenye gari.

カードが挿入されていません。
Kaado ga soonyuu sarete imasen.

Kaado ga ni kadi, ndiyo inayosemwa. Soonyuu ni kuingiza. Sa ni kufanya, na re ni kutendwa, ile -w- yetu. Te i ni hali iliyokaa, na hapa tunaipokea kwa -ja-. Masen ni kukanusha, ha- yetu, kwa heshima. Ha-i-ja-ingiz-w-a. Vipande vilevile. Sisi tunaanza na ha- na wao wanamalizia nayo. Nilipolielewa hili nilikuwa chini ya dashibodi ya Toyota na tochi mdomoni, na nikatoka nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikawasha tena ili nimsikie.

Ukipanda zaidi utakuta mnyambuliko tuliousoma shuleni. Taberu, kula. Tabesaseru, kulisha. Tabesaserareru, kulishwa. Sase ni -ish-, rare ni -w-, na zinafuatana kwa mpangilio uleule. Wanafunzi wa lugha nyingine hulia hapo. Msemaji wa Kiswahili asiruhusu mtu amtishe.

HATUA YA 5: KANJI

Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136 tangu ilipopitiwa upya mwaka 2010. Mtoto wa Kijapani hufundishwa 1,026 katika miaka sita ya shule ya msingi, na anaishi nazo kila siku. Wewe anza na mia moja kwa mwaka, na usione aibu.

Anza na zile zinazoonekana: 木 mti, 林 kijisitu, 森 msitu. 山 mlima, 川 mto, 口 mdomo, 車 gari. Halafu zinaungana. 電 ni umeme: 電車, gari la umeme, ni treni, 電話, umeme na kuongea, ni simu. Ukipanda Coaster ambayo bado ina maandishi yake ya Japani, tazama mlango wa dharura: 非常口, hijooguchi. Herufi ya mwisho ni mdomo.

Kinachowavunja watu moyo ni kwamba kanji moja husomwa kwa njia zaidi ya moja. 書, ya kuandika, peke yake na mkia wake ni 書く, kaku. Ndani ya maneno makubwa inakuwa sho: 図書館 toshokan ni maktaba, 辞書 jisho ni kamusi, 書記 shoki ni katibu. Nilihangaika nalo mpaka nilipotazama maneno yetu wenyewe. Kuandika ni neno letu la Kibantu. Lakini kitabu, katibu, maktaba na mkutubi hayana "andika" ndani yake. Yana k-t-b ya Kiarabu, iliyokuja na elimu na dini. Mswahili hashangai kwamba anayeandika ni katibu. Japani nako neno la nyumbani ni kaku, na neno la ofisini na shuleni limejengwa kwa sauti iliyotoka China, sho. Tofauti ni kwamba wao wameyaandika yote mawili kwa herufi moja.

Kwa hiyo usikariri kanji na orodha ya sauti zake. Jifunze neno zima: kaku leo, jisho wiki ijayo, toshokan ukiikuta. Sauti zitajipanga zenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Neema, Morogoro: Habari za kazi mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili, anaangalia katuni za Kijapani na ameanza kuyaongea maneno yake. Je, yanamfaa au ananipotezea muda?

Salama mama, asante. Yanamfaa kwa sikio, mwache aangalie. Ila mwambie asiyachukue yote kinywani. Wahusika wa katuni hujiita ore na kumwita mwenzao omae. Ni lugha ya vijana wa kiume wakiwa wenyewe, au ya ugomvi. Akimwambia mwalimu omae ni kama mtoto amwite mzee wa mtaa "oya wewe". Aanze na tabemasu na ikimasu, lugha ya masu, haitamwaibisha popote.

Kijana wa Likoni, Mombasa: Kaka, kitabu changu kila sentensi yaanza na watashi wa. Rafiki yangu aliyeko Osaka aniambia niache. Nimsikilize nani?

Msikilize rafiki. Wewe kwenu hausemi "mimi nimeamka, mimi nikaoga, mimi nikanywa chai". Ukishajulikana ni wewe, watashi inaondoka. Anata, yaani wewe, nayo iepuke zaidi. Mtu mwite kwa jina lake na -san, au kwa cheo: sensei kwa mwalimu na daktari. Kwetu nako humwiti mama mtu mzima "wewe", unasema "mama Asha amependa?" Kule utasema "Tanaka-san wa?" ukiwa unamtazama Tanaka huyohuyo.

Bahati, Bukavu: Mwalimu, jambo. Kuhesabu kunanishinda. Kalamu ni ippon, nihon, sanbon, halafu karatasi ni ichimai, nimai. Kwa nini namba zinabadilika?

Jambo sana Bahati. Zichukue kama ngeli zilizohamia kwenye namba. Sisi tunasema kiti kimoja, mti mmoja, jicho moja. Kitu ndicho kinachoamua umbo la moja. Kwao umbo la kitu ndilo linaloamua: -hon kwa virefu vyembamba, -mai kwa bapa kama karatasi na shati, -satsu kwa vitabu, -dai kwa magari na mashine, -hiki kwa wanyama wadogo, -nin kwa watu, ila mtu mmoja ni hitori na wawili ni futari. Kubadilika kwa hon kuwa ppon na bon ni sauti kulainishana, kama u-limi unavyozaa n-dimi. Kwa sasa, ukikwama, hitotsu, futatsu, mittsu, yottsu, itsutsu zinahesabu vitu vingi hadi kumi na hakuna atakayekukasirikia.

Dada wa Nairobi: Nataka kufanya mtihani wa JLPT, ule wa kupima Kijapani kwa wageni. Nianzie wapi na unataka alama ngapi?

Dada, ngazi ni tano, N5 ndiyo ya chini na N1 ya juu, na Nairobi ni mojawapo ya miji unakofanyika. N5 ina alama 180 na unafaulu kwa 80, lakini angalia hapa: kusikiliza peke yake lazima upate angalau 19 kati ya 60, na maneno, sarufi na kusoma kwa pamoja angalau 38 kati ya 120. Mtu anaweza kuwa na jumla nzuri akaanguka kwa kusikiliza. Mtihani hauna kuongea wala kuandika kwa mkono, ni kuchagua jibu. Ndiyo maana nasisitiza daftari, maana mtihani hautakulazimisha kuandika, na cheti hakitakusaidia kujaza fomu.

Salma, Maskati: Nafanya kazi na Wajapani hapa. Kila jioni wanaambiana otsukaresama. Kiingereza wananitafsiria "umechoka", sielewi nijibu nini.

Bi Salma, hilo neno unalo: pole na kazi. Otsukaresama desu. Nawe jibu lilelile, otsukaresama desu. Zipo nyingine za kwetu kabisa. Ukifika mlangoni kwa mtu, hodi ni gomen kudasai. Ukiingia dukani, irasshaimase ni karibu, ingawa mteja hapaswi kuiitikia. Shikamoo haina mwenzake wa neno. Uzito wake wanauweka kwenye kuinama na kwenye vitenzi vya heshima, ambavyo tutavifikia baadaye. Mkubwa akija ofisini, ohayoo gozaimasu ya asubuhi na kichwa kikiinama inatosha.

Fundi mwenzangu, Mwanza: Mimi shida yangu ni karatasi za mnada wa magari, zote Kijapani. Itanichukua miaka mingapi kuzisoma?

Fundi, kuzisoma zote, mingi. Kupata unachokihitaji, mwezi. Tafuta mahali palipoandikwa 修復歴, shuufukureki: historia ya matengenezo makubwa, yaani kama gari liliwahi kuumia mwili wake. Kariri hizo tatu kwa sura, mistari yake utaijua baadaye. Kisha tazama kando yake. Ikiwa あり, ari, ni ile aru tuliyoiona, ipo. Ikiwa なし, nashi, haipo. あ umeiandika siku ya kwanza, し siku ya tatu, な siku ya tano. り utaifikia kwenye mstari wa ra.